Zaburi Isiyo na Shukrani

Nyumbani kwa Krijna Boogert Biblia ilisomwa baada ya kila mlo, kwa mfuatano, bila kuruka kitu. Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba zote za Zuidkaai, kijiji cha kando ya bahari: mkisha kula viazi mnasoma, mkisha kusoma mnaomba, ndipo vyombo vinaoshwa. Hata zile sura za majina matupu, fulani akamzaa fulani, zilisomwa zote huku watoto wakipigana mateke chini ya meza. Jumamosi ile jioni, upepo ukitingisha vigae vya paa, zamu ilikuwa ya Zaburi ya themanini na nane. Mumewe Marinus aliisoma kwa sauti yake ya kusomea, nzito na ya polepole, akafika mwisho, akafunga kitabu.

"Imeisha?" aliuliza binti yao Tannetje, aliyekuwa na miaka kumi na miwili.

"Imeisha."

"Mbona hajashukuru? Wenzake wote wakifika mwishoni hushukuru."

Marinus akacheka. "Labda alikuwa hajamaliza kulia. Haya, funga macho tuombe."

Usiku huo bahari ilivunja tuta lililokikinga kijiji.

Maji ya usiku yalikuwa mabaya, lakini watu wengi wa Zuidkaai waliyavuka. Walipanda darini, kisha paani, wakangoja kuche. Kilichowamaliza ni maji ya pili, yaliyokuja Jumapili alasiri, mchana kweupe, kila mtu akiona. Krijna alikuwa juu ya paa na mama mkwe wake, Pieternel. Marinus na Tannetje walikuwa upande wa pili wa bomba la moshi, maana huko upepo ulikuwa nafuu na mtoto alikuwa anatetemeka. Ukuta wa kusini ulianguka kwanza. Halafu paa likakatika katikati kama mkate, na upande wa Marinus na mtoto ukaondoka. Haukuzama. Uliondoka tu, taratibu, ukielekea kule tuta lilikopasuka, na Tannetje akapiga kelele: "Nimeshika, Mama! Nimeshika!"

Krijna alitaka kuruka. Bibi kizee akamkamata sketi kwa mikono miwili, akajilaza juu yake kwa uzito wake wote.

"Niache!"

"Sikuachi! Mwite Mungu, mwanangu! Mwite!"

Krijna akafungua mdomo kuomba, lakini sala haikuja. Kilichokuja ni maneno ya mezani ya jana yake. Aliyatupa juu vipande vipande, bila heshima, kama mtu anayegonga mlango wa jirani aliyejifanya amelala: nimekuita mchana, nimekuita usiku, mbona unanificha uso? Aliyarudia mpaka sauti ikakauka, na mawingu yaliendelea kupita kama kawaida yake.

Mashua iliwakuta asubuhi ya pili, hai, wameganda kwa baridi wote wawili. Mwili wa Marinus ulipatikana mwezi Machi, kwenye ua wa miti mbali sana na nyumbani. Tannetje hakupatikana.

*

Walihifadhiwa kule Brabant, mkoa wa jirani, kwenye nyumba ya Wakatoliki wema waliokuwa na sanamu ya Bikira Maria kwenye ngazi. Pieternel alikaa miezi yote hiyo akipanda ngazi kwa kuangalia pembeni. "Ananitazama," alisema. "Mwambieni nimekuja kulala tu, sikuja kubadili dini." Tuta lilipozibwa na maji kuvutwa, wakarudi. Nyumba yao haikuwepo. Walipewa nyumba ndogo ya mbao, zawadi ya watu wa nchi za kaskazini, ikasimamishwa palepale penye msingi wa zamani. Shamba lilikuwa la rangi ya jivu. Miti ya matufaa ilisimama mikavu yote, imeuawa na chumvi, na ukitembea asubuhi udongo ulikuwa unang'aa kama umemwagiwa sukari.

Siku ya kwanza ndani ya nyumba mpya walikula maharage na kipande cha nyama ya nguruwe. Pieternel akafuta midomo, akaivuta Biblia mpya waliyopewa na kanisa.

"Tulikuwa tumefika wapi?"

"Themanini na nane," alisema Krijna.

"Hiyo Marinus aliisoma."

"Najua."

Akaisoma. Kesho yake akaisoma tena, na kesho kutwa, mchana na jioni, mpaka bibi kizee akaweka kijiko chini.

"Krijna, mwanangu. Tutakwenda lini themanini na tisa? Yesu mwenyewe atarudi atukute bado tuko shimoni."

"Nikiielewa tutaendelea."

"Mimi nina miaka sabini na tisa. Elewa haraka."

Krijna alikuwa anaikokota Zaburi ile kila alikokwenda. Akikwangua matope kwenye kuta za zizi, alikuwa nayo. Akimwaga jasi shambani ili chumvi itoke, alikuwa nayo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliyachunguza maneno ya Biblia kama mtu anayechunguza kamba kabla ya kuning'inia kwayo. Huyu mtu wa Zaburi, alijiambia, hana kitu. Marafiki wameondolewa. Yuko shimoni, maji yamemfunika, kitu anachokijua kwa karibu ni giza. Hasemi amekosa nini. Hasemi kwamba mambo yatakuwa mazuri. Lakini kila mstari anasema *wewe*. Umeniweka wewe. Umenitenga wewe. Anagombana, na hakuna anayegombana na asiyekuwepo. Tena asubuhi, kabla hajajibiwa, anaanza upya.

Jambo jingine lililomshangaza zaidi ni kwamba maneno hayo yalikuwa ndani ya Kitabu. Watu wazima wenye hofu ya Mungu walikaa wakachagua nyimbo za kumwimbia, wakaifikia hii isiyo na shukrani hata moja, na hawakuitupa. Maana yake, kwenye nyumba ya Mungu palitengwa chumba cha mtu kama yeye.

*

Mwezi Novemba ilitangazwa kwamba kanisa limekauka vya kutosha, na Meza ya Bwana itaandaliwa. Kama desturi, wazee wa kanisa walianza kupita nyumba kwa nyumba kuwatayarisha watu. Kwa Krijna alikuja Adriaan Kloosterman, mtu mrefu, mkulima wa shamba kubwa la karibu na tuta, ambaye naye alimpoteza mkewe Jacomina katika maji yaleyale. Alivua kofia, akakaa wima kitini, akakataa kahawa mara ya kwanza na kuipokea mara ya pili.

"Dada Krijna," alisema, "nimepita nyumba zote za upande huu. Kila nyumba tumesema neno moja, na ningependa tuliseme na hapa."

"Neno gani, Mzee?"

"Kwamba tulikosa, na Bwana ametupiga kwa haki. Unakumbuka kijiji hiki kilivyokuwa. Tamasha la kila mwaka, bembea na bia. Redio siku ya Jumapili. Vijana kwenda sinema mjini. Tulionywa, hatukusikia."

Pieternel, aliyekuwa akimenya viazi pembeni, akaguna. "Sinema! Adriaan, mimi sijui hata mlango wa sinema unafanana vipi, na nilikaa juu ya paa kama kuku."

"Mama Pieternel, nazungumza na Dada Krijna."

"Zungumza. Masikio ni yangu."

Krijna alikuwa amesimama kando ya jiko. Alikausha mikono kwenye aproni, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Mimi ni mwenye dhambi," alisema. "Hilo nitalisema mbele ya yeyote, hata leo nina dhambi, hata sasa hivi nakutazama nina dhambi. Lakini unataka niseme kwamba Mungu alimzamisha Tannetje kwa sababu ya bembea?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyohivyo, Mzee, umeivalisha kofia tu."

Kloosterman akanywa kahawa. "Maandiko yanatufundisha kunyamaza. Daudi alisema: nilinyamaza, sikufungua kinywa, maana wewe ndiwe uliyetenda."

"Ni kweli. Na yule wa themanini na nane hakunyamaza."

"Hata yeye anakiri kwamba ni Mungu aliyemtenda. Isome vizuri. Anasema, umeniweka mimi chini ya shimo."

"Naisoma kila siku, muulize Mama huyu, amechoka. Ndiyo, anasema hivyo. Lakini anamwambia Mungu mwenyewe. Hakwenda kwa jirani aliyefiwa kumwambia, ulistahili."

Nje gari la jasi lilipita, likitikisa vioo vya dirisha. Kloosterman akasimama, akavaa kofia kabla hajafika mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ya mtu.

"Kwa kinywa hicho usije Mezani, dada. Nakuomba."

"Nitakuja."

"Nimekuomba."

"Nimesikia. Nitakuja."

Alipoondoka, Pieternel akatupa kiazi ndani ya sufuria, maji yakaruka. "Huyo nimemfuta makamasi kwa mkono huu," alisema. "Alikuwa akianguka halii, na wenzake wakianguka anawaambia ni kwa utundu wao." Halafu akachukua kiazi kingine. "Lakini Jacomina alikuwa mke mwema. Usimpige sana, mwanangu. Ana kidonda."

"Sijampiga."

"Bado."

*

Jumapili ya Meza kanisa lilijaa. Kwenye kuta chokaa ilikuwa imeliwa, na mstari wa maji ulionekana wazi, juu ya kichwa cha mtu aliyesimama. Kinanda kilikuwa kimekufa, chumvi imeyala mabomba yake. Kwa hiyo Zaburi zingeanzishwa kwa mdomo, na mwanzishaji alikuwa Bartel, mdogo wake Marinus, fundi chuma mwenye sauti ya kuamsha farasi. Wanawake walikaa katikati na kofia zao nyeusi, wanaume pembeni, wazee wa kanisa kwenye viti vyao vya juu. Mchungaji Hoekveld alikuwa kijana mgeni kutoka Utrecht, aliyeletwa baada ya mafuriko. Hakujua bado nani alimpoteza nani, na kwa woga wa kukosea alikuwa akimsalimia kila mtu kwa huzuni.

Krijna hakukaa mahali pake pa siku zote. Alikwenda moja kwa moja benchi la mbele, akamkalisha Pieternel kando yake.

"Nipe peremende," alinong'ona bibi kizee. "Leo tutakaa sana."

Mchungaji alitangaza Zaburi iliyochaguliwa na baraza: ya thelathini na tisa, ule mstari wa kunyamaza. Watu wakafungua vitabu. Bartel akasimama chini ya mimbari, akashika ukingo wa meza, akavuta pumzi.

Sauti haikutoka. Alifunga mdomo, akaufungua tena, shingo ikamvimba kama mtu anayenyanyua fuawe. Krijna alimtazama shemeji yake, akaona macho yake yameganda kwenye ule mstari wa maji ukutani. Kila mtu aliona. Kanisa zima likangoja, na hakuna aliyejua la kufanya, kwa maana haijawahi kutokea Zaburi ikakwama kooni mwa mwanzishaji.

Krijna akasimama.

Alianza ya themanini na nane. Mwanamke hakuwa na kazi ya kuanzisha Zaburi pale, tangu kanisa lijengwe. Alianza juu mno, akajua tangu neno la pili kwamba hatalifikia la mwisho wa mstari, na akaendelea. Zaburi zao ziliimbwa polepole, neno moja kwa pumzi nzima, hivyo ukiimba peke yako hapana pa kujificha. Mungu wa wokovu wangu. Mchana nakulilia. Sauti yake ilipasuka, ikatoka kama bawaba mbovu, na nyuma yake alisikia vitabu vikifungwa.

Kloosterman alisimama kwenye kiti cha wazee. "Dada Krijna, keti chini."

Akaimba ubeti wa pili.

"Nimesema keti. Mchungaji, mwambie aketi!"

Mchungaji Hoekveld alimtazama mzee, akamtazama yule mwanamke, akashika Biblia yake kwa mikono miwili kama mtu anayeshika reli ya ngazi. Hakusema kitu. Baadaye wengine walisema alikuwa jasiri, wengine walisema alikuwa mwoga. Yeye mwenyewe alisema hakuwa na mate mdomoni.

Ubeti mzima ulipita Krijna akiwa peke yake. Hapo ndipo alipotaka kuacha. Aliona aibu mpaka miguuni, aliona macho ya watu mgongoni kama mvua ya mawe, na wazo likamjia kwamba labda Kloosterman anasema kweli, labda hii si imani bali ni ukaidi tu wa mwanamke mwenye uchungu. Akalijibu wazo hilo humohumo akiimba: hata kama ni ukaidi, ninamletea yeye, simpelekei mwingine.

Kisha Pieternel akaingia. Aliingia na peremende mdomoni, bila meno, sauti moja chini ya ile iliyotakiwa, na hakusimama kwa sababu magoti yake hayakuweza. Akafuata mjane wa mwokaji mikate. Akafuata mwanamke wa benchi la nyuma aliyezika watoto wake kwenye jeneza moja. Waliingia mmoja mmoja, kila mtu kwa sauti yake, na halikuwa jambo zuri kulisikiliza. Wengine walikaa na midomo imefumbwa. Familia mbili ziliondoka, viatu vikigonga sakafu kwa makusudi. Lakini lilipofika lile neno la wafu, kama wafu watainuka wakusifu, sauti ya Bartel ilifunguka ghafla kule mbele, nzito, imejaa machozi na hasira, ikaubeba wimbo wote ikaushusha mpaka mwisho wake, gizani, palepale unapoishia.

Hawakushukuru. Waliketi tu.

Meza ilipoandaliwa, Krijna alikwenda akakaa na wengine kwenye meza yenye kitambaa cheupe. Kloosterman, ambaye kazi yake ilikuwa kusimamia Meza, alikuja nyuma yake akainama.

"Rudi kwenye benchi," alisema kwa sauti ya chini. "Usinilazimishe."

"Nimekaa, Mzee."

Mchungaji akamega mkate, sahani ikaanza kupita mkono kwa mkono. Ilipomkaribia Krijna, Kloosterman alinyoosha mikono, akaichukua, akaipitisha juu ya bega lake akampa aliyefuata. Alifanya hivyo kwa adabu, uso mweupe kama kile kitambaa. Krijna alibaki ametazama mahali sahani ingepita.

Aliyefuata alikuwa Pieternel. Bibi kizee alichukua kipande chake, akakigeuza, akakivunja vipande viwili kwa vidole vyake vilivyopinda, na kimoja akakiweka mbele ya mkwewe.

"Kula, mwanangu," alisema, na masikio yake mabovu yalimfanya aseme kwa sauti ya kanisa zima kusikia. "Kikavu kama gome, lakini kula."

Krijna akala.

*

Baraza la wazee lilikaa wiki hiyo, na aliyeleta ujumbe ni Bartel. Alisimama mlangoni akizungusha kofia.

"Shemeji, wamenituma."

"Ingia, unaleta baridi. Wamesemaje?"

"Usikaribie Meza ya Bwana mpaka utubu. Kuvuruga ibada, kutomtii mzee, na..." Akajikuna shingo. "Kuna na la tatu, lakini lina Kilatini. Mchungaji alilipinga. Walimzidi kwa kura."

"Na wewe?"

"Mimi sina kura, mimi ni koo tu. Wamesema nikirudia nitatafutiwa mbadala. Nikawaambia watafute, waone kama kuna mwingine anayeweza kuipandisha ile ya mia na kumi na tisa bila kuzimia."

"Waambie nimesikia," alisema Krijna. "Jumapili nitakuwa benchi la mbele."

"Wamekukataza Meza, shemeji, hawakukukataza benchi."

"Ndiyo maana."

Na alikuwa pale, Jumapili baada ya Jumapili, msimu wote wa baridi. Wapo walioacha kumsalimia. Mwanamke mmoja, rafiki yake tangu utotoni, alivuka barabara kila alipomwona. Lakini pia alasiri za Jumapili wakaanza kuja wanawake wengine kwenye nyumba ya mbao, wakikwangua viatu muda mrefu mlangoni kabla ya kugonga. Walikunywa kahawa. Mmoja aliuliza, kama anaomba chumvi, "Ile Zaburi unaweza kutusomea?" Krijna akaisoma. Hakuifafanua. Mtu akimwuliza kwa nini Mungu aliruhusu, alijibu hajui, na kwamba amechoka na wanaojua. "Lakini nimeona ruhusa imetolewa," alisema, "ya kumwuliza yeye mwenyewe, tena kwa sauti. Mimi naitumia."

Jioni moja ya mwezi Januari, baada ya uji wa maziwa, Pieternel aliivuta Biblia kabla Krijna hajaifikia, akavaa miwani, akaanza kusoma ya themanini na tisa bila kuomba ruhusa. Ilianza kwa kuimba fadhili za Bwana milele. Krijna akakaa, akasikiliza, hakumzuia. Ilipokaribia mwisho, bibi kizee akainua kichwa.

"Ehe! Huyu naye anauliza, hata lini. Kumbe hawaishi."

"Hawaishi, Mama."

"Basi tuendelee," alisema Pieternel, akaendelea.

*

Mwezi Aprili serikali ilisema mashamba mengi yanaweza kujaribiwa shayiri, kwa kuwa shayiri huivumilia chumvi. Krijna na Bartel walipanda. Siku moja alasiri, Bartel akiwa amerudi nyumbani na farasi, Krijna alimwona Adriaan Kloosterman akija kando ya mfereji. Alikuwa amekonda. Alisimama mwisho wa tuta la shamba, hakuvuka.

"Itaota?" aliuliza.

"Sijui. Nimepanda."

"Yangu sijapanda bado." Akatazama udongo. "Dada Krijna, nimekuja kuuliza jambo, na sipendi kuliuliza."

"Uliza, Mzee, hapa hakuna baraza."

Akasukuma bonge la udongo kwa kiatu. "Unamwambia nini? Ukiwa peke yako. Mimi naongoza sala mezani, naongoza sala kanisani, nawaombea wagonjwa. Maneno yanatoka vizuri. Lakini peke yangu, tangu siku ile, sijaweza hata neno moja. Nikipiga magoti, mdomo unafunga."

Krijna alijifuta uso kwa mkono wenye udongo. Angeweza kumwambia mengi. Miezi mitano alikuwa ameyaandaa, mengine akiwa kitandani, mengine akikamua ng'ombe, yamenolewa vizuri. Akamtazama yule mtu mrefu aliyekuwa akiulizia habari za kupiga magoti, akaona hayana kazi.

"Unamwogopa?"

"Nikisema halikuwa adhabu," alisema Kloosterman, "basi Jacomina alikufa bure. Unanielewa? Kama kuna sababu naweza kusimama. Kama hakuna, sina pa kusimama."

"Sina sababu ya kukupa."

"Najua huna."

"Twende," alisema Krijna.

Walipanda tuta jipya la bahari, yeye mbele, sketi ameikusanya mkononi, mzee nyuma akihema. Juu kule upepo uliwapiga vifuani. Bahari ilikuwa pale, ya kijivu, imetulia, inameremeta kama haijawahi kumkosea mtu. Kloosterman alivua kofia kwa mazoea. Akaishika.

"Sasa mwambie," alisema Krijna.

"Nini?"

"Ulichonacho."

Mzee aligeukia bahari. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayemwomba radhi karani: "Kwa nini?"

"Hajasikia huyo."

"Dada Krijna!"

"Kwa sauti, Mzee! Huko juu kuna upepo."

Akavuta pumzi. Akamwita mkewe kwanza, jina tu, Jacomina, na jina likafungua njia. Ndipo akapiga kelele. Alipiga kelele kwa Mungu wa wokovu wake, mzee wa kanisa wa Zuidkaai, kofia mkononi, nywele zimesimama, mpaka shakwe waliokuwa wametua kwenye mawe wakaruka wote. Aliuliza kwa nini, akauliza hata lini, akasema *wewe*, akasema *wewe* tena, akapiga mguu chini kama mtoto. Krijna alisimama kando yake na kupiga kelele zake mwenyewe, jina la Tannetje, na hawakusikilizana.

Mbingu hazikujibu. Mawimbi yalikuja yakarudi. Kloosterman aliishia kukaa kwenye nyasi, amechoka kama mtu aliyetapika, akapangusa uso kwa kofia.

"Hakuna kitu," alisema. "Giza lilelile."

"Lilelile," alikubali Krijna.

"Na kesho?"

"Kesho nakuja kupanda kipande cha mwisho. Ukipita asubuhi utanikuta nimeshaanza."

Akamwacha pale, akashuka upande wa shamba, maana Pieternel alikuwa peke yake na moto ulihitaji kuni. Nusu ya njia aligeuka. Mzee alikuwa amesimama tena juu ya tuta, ameielekea bahari, na ingawa upepo ulimzuia kusikia, aliona kwamba mdomo wake ulikuwa wazi.